Kufundisha Tiba ya Dharura kwa Visa vya Wagonjwa

Ufundishaji kwa visa ni njia ya kumfundisha mwanafunzi wa udaktari kwa kumweka mbele ya mgonjwa mmoja, awe wa kweli, wa kuandikwa au wa kuigizwa, na kumtaka aamue la kufanya kabla hajaambiwa jina la ugonjwa. Katika tiba ya dharura njia hii inaonekana kufaa kuliko kwingine kokote, kwa kuwa mgonjwa anayeshushwa kwenye bodaboda saa nane za usiku haji na jina la ugonjwa wake. Anakuja akihema, akivuja damu au akiwa hajitambui. Hata hivyo, visa vingi vinavyotumika vyuoni vimeandikwa kwa umbo lililorithiwa kutoka wadi za tiba ya ndani, na umbo hilo huyaondoa mambo mawili yanayoifanya dharura iwe dharura: uhaba wa muda na uhaba wa taarifa. Kisa kilichopoteza mambo hayo humfundisha mwanafunzi kukumbuka, si kuamua.

Chimbuko la njia yenyewe liko nje ya udaktari. Mwaka 1870 Christopher Columbus Langdell, mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Harvard, aliacha kuwasomea wanafunzi kanuni na kuanza kuwahoji juu ya hukumu za kesi halisi. Miaka thelathini baadaye Walter Cannon, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari chuoni hapo, alivutiwa na jinsi wanafunzi wa sheria walivyoendelea kubishana hata baada ya vipindi, na mwaka 1900 akachapisha makala ya kupendekeza udaktari ufundishwe hivyohivyo. Richard Cabot, daktari wa Boston, alilishika wazo hilo na mwaka 1906 akatoa kitabu cha kufundishia kwa visa. Ndipo ukazaliwa mtindo ambao bado unatawala: taarifa zote za mgonjwa huwekwa mezani, daktari mwenye uzoefu hufikiri kwa sauti hatua kwa hatua, na mwishoni mtaalamu wa patholojia hufichua jibu. Ni mchezo mzuri wa akili. Kasoro yake kwa tiba ya dharura ni kwamba mara nyingi mgonjwa anayejadiliwa ameshakufa, na hakuna kinachoharibika wakati daktari anatafakari.

Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster, huko Hamilton nchini Kanada, kilifungua shule ya udaktari iliyojengwa juu ya ujifunzaji kwa matatizo. Huko kikundi kidogo hupewa tatizo bila maandalizi, hujiwekea maswali yake na kwenda kuyatafutia majibu, huku mwalimu akijizuia kuongoza. Ujifunzaji kwa visa ni ndugu yake mwenye nidhamu zaidi. Wanafunzi husoma kabla ya kikao, malengo huwa yamewekwa, na mwezeshaji huingilia kati mjadala unapopotoka. Vyuo viwili vya udaktari vya California vilivyohama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili viliwauliza wanafunzi na walimu maoni yao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba karibu tisa kati ya kila wanafunzi kumi walipendelea visa. Sababu waliyoitaja zaidi ilikuwa kwamba muda haukupotea kwa kuzungukazunguka. Kwa tiba ya dharura, hoja hiyo ina uzito wa ziada. Kumwacha mwanafunzi agundue mwenyewe, kwa wiki nzima, kwamba mtu aliyezibwa njia ya hewa huanza kuhudumiwa kwenye njia ya hewa ni ubadhirifu. Hilo linafundishwa kwa dakika tano, kisha kisa kinatumika kumzoesha kulitenda pale anapovutwa na mambo mengine yanayong'aa zaidi, kama mfupa uliochomoza mguuni.

Kwa nini visa vinafundisha? Tafiti za fikra za madaktari, zikiwemo za Arthur Elstein na wenzake mwaka 1978, zilivunja dhana kwamba daktari bingwa ana mbinu moja kuu ya kufikiri inayofungua kila mlango. Aliyefaulu vizuri kwenye kisa kimoja aliweza kukwama kwenye kingine. Kilichowatofautisha mabingwa ni akiba kubwa ya mifano iliyopangwa kichwani: nani huugua ugonjwa huu, hali yake huanzaje, huonekanaje, nini huja baadaye. Akiba hiyo haijengwi kwa mihadhara, wala haijengwi kwa kisa kimoja kirefu cha kupendeza. Inajengwa kwa visa vingi vifupi, hasa vile vinavyofanana mwanzoni na kutengana baadaye. Wapangaji wa mitaala hulisahau jambo hili mara kwa mara, kwa sababu kisa kimoja kilichonakshiwa vizuri hupendeza zaidi kwenye ripoti kuliko visa ishirini vya nusu ukurasa.

Kuna tofauti nyingine ya msingi. Katika kisa cha kawaida mwanafunzi hupita njia moja iliyonyooka: historia ya mgonjwa, uchunguzi wa mwili, vipimo, utambuzi, halafu tiba. Kwenye dharura mpangilio huo hupinduliwa. Kinachotangulia ni njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, hali ya ufahamu, na kumvua mgonjwa nguo ili kumwona mwili mzima. Na kila kasoro hutibiwa papo hapo inapoonekana, hata kama chanzo chake hakijulikani. Historia hufuata baadaye, na tena kwa ufupi: dalili, mzio, dawa anazotumia, magonjwa ya nyuma, mlo wa mwisho, na kilichotokea. Kwa hiyo kisa cha dharura kinachoanza na aya tatu za historia na jedwali la vipimo vya maabara kimeshamdanganya mwanafunzi kabla hajafungua mdomo.

Mfano wa kutungwa unaweza kuonyesha jinsi kisa kinavyopaswa kwenda. Mwezeshaji anasoma mistari miwili tu: hospitali ya wilaya, saa nne usiku, mtoto wa miaka mitatu ameletwa na bibi yake, ana homa tangu juzi na sasa anadegedeka. Kisha ananyamaza na kubonyeza saa. Kundi la wanafunzi watano au sita linatakiwa kusema litafanya nini, si litafikiria nini. Atakayeanza kuorodhesha magonjwa yanayosababisha degedege ataulizwa kwa upole mtoto amelazwaje muda wote huo. Jibu linalotakiwa ni la mikono: alazwe ubavu, mdomo usafishwe, oksijeni iwekwe, uzito ukadiriwe. Ana kilo 14 hivi. Diazepamu kwa njia ya haja kubwa ni miligramu 0.5 kwa kilo, yaani miligramu 7, na hesabu hiyo ifanywe kwa sauti saa ikiendelea kukimbia.

Hatua ya pili inafika tu kundi likiiomba. Sukari ya damu haitajwi hadi mtu aagize ipimwe. Ikipimwa ni milimoli 1.4 kwa lita, chini kabisa ya kiwango cha hatari. Mwezeshaji anaweza kuongeza ugumu wa kweli: vijiti vya kupimia vimekwisha. Hapo jibu sahihi ni kumtibu mtoto kana kwamba sukari imeshuka, kwa kuwa kungoja ni hatari zaidi. Atahitaji mililita 5 kwa kilo za dekstrozi ya asilimia 10, yaani mililita 70. Lakini kabatini kuna dekstrozi ya asilimia 50 peke yake. Mwanafunzi anayejua kipimo kwa moyo lakini hajawahi kuchanganya mililita 14 za dawa hiyo na mililita 56 za maji ya sindano atagundua pengo lake hapohapo, mbele ya wenzake na si mbele ya mtoto.

Bibi naye ni sehemu ya kisa, akiigizwa na muuguzi au mwanafunzi mwingine aliyepewa maelekezo ya kujibu anachoulizwa tu. Anayemrukia kwa maswali ya harakaharaka atapata majibu ya neno moja. Anayesema, "Shikamoo bibi, pole sana; mtoto alikula mara ya mwisho lini?" ataambiwa, "Marahaba mjukuu wangu, hajaweka kitu mdomoni tangu jana jioni," na akiendelea kuuliza atasikia kwamba jana mtoto alichomwa sindano kwenye duka la dawa, na haijulikani ya nini. Taarifa hiyo haimo popote kwenye karatasi ya mwanafunzi. Stadi ya kuipata ni ya kitabibu sawa na stadi ya kutoboa mshipa, na visa vya karatasi tupu haviifundishi.

Hatua ya tatu ndiyo yenye mtego. Degedege imekoma, kipimo cha haraka cha malaria kimeonyesha vimelea, na artesuneti imeanzwa kwa miligramu 3 kwa kilo kama inavyotakiwa kwa mtoto wa chini ya kilo 20. Lakini mikono na miguu ni ya baridi, moyo unapiga mara 168 kwa dakika, ukucha ukibonyezwa rangi inarudi baada ya sekunde nne, na mtoto anavuta pumzi nzito za haraka. Mwanafunzi aliyesoma vitabu vya ng'ambo atakimbilia dripu: maji mengi, haraka. Hapo mwezeshaji husimamisha saa, kwa sababu swali hili lilijibiwa Afrika Mashariki. Jaribio lililojulikana kwa jina la FEAST, lililofanywa katika hospitali za Uganda, Kilifi nchini Kenya na Muheza nchini Tanzania, lilihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba kati ya waliopewa maji mengi kwa mkupuo, takriban asilimia 10.5 walikufa ndani ya saa 48. Kati ya wasiopewa mkupuo huo, asilimia 7.3. Mtoto wa kisa hiki ana hemoglobini ya gramu 3.8. Anachohitaji ni damu.

Kikao kinachoishia hapo huacha hatari nyuma yake, kwani mwanafunzi anaweza kuondoka na kanuni butu kwamba watoto hawapewi maji. Ndiyo maana kisa cha pili, chenye ufunguzi unaofanana, hufuata papo hapo: mtoto mwingine, baridi hiyohiyo ya mikono, lakini amehara siku tatu, macho yamezama na ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole. Jaribio la FEAST halikuwahusisha watoto wa kuhara, na huyu akinyimwa maji atakufa. Kuviweka visa viwili ubavu kwa ubavu hufundisha kile ambacho hakuna kimoja kingefundisha peke yake, yaani ni ishara ipi inayobadilisha uamuzi.

Mfano huo unaeleza pia kwa nini visa vya kuazima ni tatizo kubwa kuliko linavyochukuliwa. Mabenki ya visa yaliyo rahisi kupatikana yameandikwa kwa ajili ya hospitali za Marekani na Uingereza. Mgonjwa wake ni mzee mwenye maumivu ya kifua anayepelekwa kwenye maabara ya moyo ndani ya dakika 90, na kila kipimo hurudi na majibu. Si kwamba maumivu ya kifua hayapo Dodoma au Kisumu. Shida ni kwamba mwanafunzi huzoea kuamua kwa vifaa ambavyo hatavikuta akiwa daktari tarajali, na wakati mwingine huzoea tiba ambayo katika mazingira yake inaua. Hospitali ya Mafunzo ya Chuo Kikuu mjini Lusaka, Zambia, ililithibitisha hilo kwa watu wazima pia: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 209 wenye sepsisi na shinikizo la chini la damu, wengi wao wakiwa na virusi vya UKIMWI, waligawanywa kati ya huduma ya kawaida na mpango wa mapema wa maji, dawa za kupandisha shinikizo na damu. Waliokufa hospitalini ni asilimia 33 kwa huduma ya kawaida na asilimia 48.1 kwa mpango huo mpya.

Visa vya nyumbani vina mtego wao pia. Katika ukanda wenye malaria, homa huvuta fikra upande mmoja kabla uchunguzi haujaanza. Utafiti uliofanywa kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia zaidi ya wagonjwa 4,000 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali. Walioonekana kweli kuwa na vimelea walikuwa chini ya nusu. Waliobaki walikuwa na kitu kingine, na wengi wao hawakupata dawa za bakteria. Kwa hiyo visa vya homa vinapaswa kujumuisha homa ya uti wa mgongo, nimonia na sepsisi itokanayo na selimundu, vikichanganywa bila mpangilio unaotabirika. Ratiba inayoitwa "wiki ya malaria" imeshatoa jibu kwenye kichwa cha habari. Vivyo hivyo mkulima anayeletwa akitokwa jasho na mate, mboni za macho zikiwa zimebana kama ncha ya kalamu: akipangwa kwenye somo la sumu za kuulia wadudu, hakuna kilichobaki cha kutambua ila dozi ya atropini.

Jambo ambalo waandishi wa visa huliepuka, pengine kwa huruma, ni kushindwa. Katika visa vingi vya darasani mgonjwa huokolewa na anayejibu sahihi. Hospitali haiko hivyo. Panapaswa kuwepo kisa cha mama mwenye kifafa cha mimba aliyefikishwa amechelewa, kisa cha majeruhi watatu wa ajali ya basi na chupa moja ya oksijeni, kisa cha mgonjwa anayehitaji rufaa lakini gari la wagonjwa halina mafuta. Katika visa hivi uamuzi unaopimwa si dawa, ni mpangilio: nani atangulie, nani apigiwe simu, ndugu waambiwe nini na lini. Wanafunzi wengine hutoka kwenye vikao hivyo wamenyong'onyea, na mwezeshaji anapaswa kutenga muda wa kuzungumza nao baadaye, muda ambao hauhesabiwi kama nyongeza.

Mwezeshaji ndiye kiungo kigumu zaidi kupatikana. Mabingwa wa tiba ya dharura katika eneo hili ni zao la miaka ya karibuni. Afrika Kusini iliitambua fani hiyo mwaka 2003. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010, na mafunzo ya ubingwa yakaanza katika chuo kikuu cha Muhimbili mwaka huohuo. Rwanda ilifuata mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, mwaka 2017. Idadi yao haitoshi kukaa na kila kundi la wanafunzi sita. Suluhisho la vitendo ni kuwatumia madaktari walio masomoni kwa ubingwa, pamoja na wauguzi wazoefu wa dharura, ambao mara nyingi wamewaona wagonjwa wengi kuliko mhadhiri. Kinachohitajika ni waraka wa mwezeshaji ulioandikwa vizuri: taarifa ipi itolewe lini, kundi likikosea mgonjwa abadilikeje, na maswali ya kuuliza mwishoni. Bila waraka huo, mwezeshaji mgeni hurudi kwenye anachokijua, yaani kuhutubia, na kisa kinageuka mhadhara wenye jina la mgonjwa. Hatari ya pili ni kejeli. Mwanafunzi aliyeaibishwa mbele ya kundi kwa jibu baya hujifunza kunyamaza, na kwenye chumba cha dharura daktari kijana aliyezoea kunyamaza hatasema kwamba daktari mkuu amesoma dozi vibaya.

Darasa kubwa halizuii njia hii. Watu mia moja wanaweza kupewa kadi za rangi nne na kutakiwa kuinua rangi ya uamuzi wao kabla ya mtu yeyote kuzungumza, kisha majirani wawili walioinua rangi tofauti wabishane. Ubora hupungua, ila ni bora kuliko slaidi themanini. Kuhusu sanamu za mazoezi, fedha nyingi zimetumika kwa faida ndogo: tafiti zilizolinganisha sanamu za kielektroniki za bei kubwa na vifaa rahisi zimeona kwamba tofauti ya kilichojifunzwa ni ndogo. Mtoto wa kuchezea, barakoa na mfuko wa kupulizia hewa na simu yenye saa vinatosha kwa kisa cha degedege kilichoelezwa hapo juu.

Kozi ya Huduma ya Msingi ya Dharura, iliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ni kielelezo kinachopatikana bila malipo. Imejengwa kwa mazingira yenye vifaa vichache, na mada zake nne za msingi, yaani majeraha, shida ya kupumua, kupungukiwa mzunguko wa damu na kubadilika kwa ufahamu, zinafuata jinsi mgonjwa anavyofika badala ya majina ya magonjwa. Vyuo vinaweza kuitumia kama mifupa na kuvalisha visa vya hospitali zao.

Yote haya huporomoka mtihani ukibaki wa zamani. Mwanafunzi husomea anachoulizwa. Akijua kwamba mwisho wa mwaka ataulizwa ataje sababu sita za degedege, ataketi kwenye kikao cha visa kwa adabu huku akili yake iko kwenye orodha. George Miller alieleza mwaka 1990 tofauti kati ya kujua, kujua namna, kuonyesha namna na kutenda. Mtihani wa maandishi haufiki ngazi ya tatu. Mtihani wa vituo, ulioasisiwa Dundee, Uskoti, na Ronald Harden mwaka 1975, unafika, kwa sharti kwamba kituo cha dharura kisiwe kukariri hatua mbele ya msahihishaji mwenye orodha ya vyema. Kituo kizuri hubadilika katikati: mgonjwa aliyeanza kupata nafuu anaacha kupumua, na alama nyingi ziko kwenye sekunde thelathini zinazofuata.

Ushahidi wa jumla unapaswa kusomwa bila ushabiki. Mapitio makubwa ya mwaka 2012 yaliyokusanya makala zaidi ya mia moja kuhusu ujifunzaji kwa visa yaliona kwamba wanafunzi wanaupenda na wanaamini unawasaidia, walimu nao wanaupenda, lakini uthibitisho kwamba unazidi njia nyingine katika ufaulu haukuwa thabiti. Furaha ya darasani si kipimo cha tiba. Vipimo vyenye maana zaidi viko idarani: dakika kutoka mgonjwa kufika hadi sukari kupimwa, au hadi mwenye sepsisi kupata dozi ya kwanza ya dawa ya bakteria. Hospitali nyingi za kufundishia tayari huandika saa hizo kwenye mafaili. Kinachokosekana ni idara ya elimu kuzifuata.

Mwisho kuna kazi ya utunzaji. Kisa kinachotokana na mgonjwa halisi huondolewa jina, kijiji, tarehe na chochote kitakachomfanya jirani amtambue, jambo linalohitaji umakini zaidi katika miji midogo ambako ajali moja hujulikana na kila mtu. Kila kisa kinapaswa kubeba juu yake tarehe kilipopitiwa mara ya mwisho na jina la mtu anayewajibika nacho, kwa kuwa mwongozo wa tiba ukibadilika kisa cha zamani huendelea kufundisha kosa kwa ushawishi uleule uliokifanya kipendwe. Visa vya watoto vilivyoandikwa kabla ya 2011 na kuelekeza maji ya mkupuo kwa kila homa yenye mikono ya baridi ni vya kuondolewa kwanza, vikifuatiwa na vile ambavyo bado vinaanza tiba ya malaria kali kwa kwinini wakati artesuneti imo kabatini.